Siku Kumi na Tatu za Kuitazama Jabari: Uchambuzi wa Kisa cha Eksirei za Nyota Changa

Kuanzia tarehe 8 hadi tarehe 21 Januari 2003, darubini ya angani ya Chandra, mali ya shirika la NASA la Marekani, ilielekezwa mahali pamoja angani na kuachwa hapo, isipokuwa katika vipindi ambavyo njia yake iliipitisha ndani ya mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia, ambako vifaa vyake havina budi kukingwa. Muda halisi wa kutazama ulifikia sekunde 838,000, yaani karibu siku kumi, zikiwa zimetandazwa ndani ya siku 13. Mahali penyewe palikuwa Nebula ya Orion, lile doa lenye ukungu lililo katikati ya upanga wa kundinyota ambalo kwa Kiswahili, kwa kurithi kutoka Kiarabu, huitwa Jabari. Katika usiku huohuo wa Januari, mtu aliyesimama uani mwake Dar es Salaam au Zanzibar yapata saa nne usiku angeinua uso na kuliona doa hilo karibu utosini, chini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari.

Mradi huo uliongozwa na Eric Feigelson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, na matokeo yake makuu yalichapishwa kwa pamoja mwaka 2005. Nimeuchagua kuwa kisa cha kuchambua kwa sababu unaonyesha jambo ambalo taarifa fupi za habari za sayansi hulipita: swali lililokuwa limezungushwa kwa zaidi ya miaka ishirini lilipata jibu kwa sababu watu walikubali kutumia muda mwingi wa darubini ya thamani kubwa wakitazama kishada kimoja tu cha nyota, bila kuondoa jicho.

Kishada hicho kiko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300 na kina nyota elfu kadhaa zilizozaliwa kutoka wingu moja la gesi na vumbi. Nyingi zina umri wa miaka milioni moja hadi milioni mbili. Jua letu lina miaka karibu milioni 4,600. Tukilifanya Jua kuwa mzee wa miaka sabini, nyota hizi zitakuwa vichanga vya juma moja au juma na nusu, ambavyo arobaini yao bado iko mbali. Nyingi zimezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, mabaki ya wingu lililozizaa, na ndani ya sahani za namna hiyo ndimo sayari hutengenezwa. Nyota changa zenye uzito unaokaribiana na wa Jua au mdogo zaidi huitwa nyota za T Tauri, kwa jina la nyota moja ya kundinyota la Ng'ombe, na Alfred Joy ndiye aliyezitambua kuwa jamii ya pekee mwaka 1945.

Fumbo liko hapa. Uso wa nyota ya T Tauri una joto la kelvini 3,000 hadi 5,000 hivi. Joto hilo hutoa mwanga mwekundu au wa chungwa, wala haliwezi kutoa eksirei. Ili gesi itoe eksirei kwa wingi ni lazima ifikie joto la mamilioni ya nyuzi. Hata hivyo, vichanga hivi vyenye uso wa baridi hung'aa kwa eksirei mara elfu moja na zaidi kuliko Jua. Ni nini kinachoichemsha gesi hiyo, na iko wapi?

Kutoka Malindi hadi nukta 1,616

Historia ya swali hili ina mzizi katika pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe ikapewa jina la Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu za kifizikia: pako karibu na ikweta, hivyo roketi husaidiwa na mzunguko wa Dunia, na setilaiti inayobaki juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi ambazo zingevuruga vihesabio vyake. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na Nebula ya Orion ilikuwa miongoni mwavyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hufurahisha kukumbuka kwamba neno la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na kwamba kisa hiki cha Jabari kilianza kuandikwa kutokea kwenye maji ya Malindi.

Lakini Uhuru haikuwa na vioo vya kukusanya eksirei ili kutengeneza picha. Ilipapasa anga kwa dirisha lenye upana wa nusu digrii, unaolingana na upana wa Mwezi mpevu, kwa hiyo Orion ilisajiliwa kama chanzo kimoja tu, kama vile mtu anayesikia kelele kutoka soko lililo mbali na asiweze kusema ni nani anayezungumza. Setilaiti ya Einstein, iliyorushwa mwaka 1978, ndiyo iliyoonyesha kwamba kelele hizo ni za nyota moja moja, na kwamba nyota nyingi za T Tauri zina eksirei zenye kupanda na kushuka. ROSAT ikafuata mwaka 1990. Tatizo la zote mbili lilikuwa kwamba katikati ya kishada nyota zimesongamana mno, hata eksirei za jirani mmoja zikahesabiwa kuwa za mwingine.

Chandra, iliyopelekwa angani Julai 1999 na kupewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, ilikuja na vioo vyenye ukali wa nusu ya sekunde ya pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii). Kwa kuwa eksirei inayokipiga kioo moja kwa moja hupenya badala ya kurudi, vioo hivyo vimepangwa kama mapipa yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, ili miale iparuze kuta zake na kupinda kidogo kidogo hadi ikutane mahali pamoja. Majaribio ya awali ya Chandra kwenye Orion, yaliyodumu karibu siku moja, yaliona nyota zaidi ya elfu moja, na hapo ndipo mabishano yalipokua badala ya kupungua, kwa sababu timu mbalimbali zilisoma takwimu za karibu nyota zilezile na kutoa hitimisho zisizolingana. Ndiyo sababu ya mtazamo mrefu wa 2003.

Maelezo matatu yaliyoshindana

Maelezo ya kwanza yalisema kwamba gesi ya ile sahani inaporomoka juu ya nyota kwa kasi ya kilomita mia kadhaa kwa sekunde, na kishindo cha kugonga uso ndicho kinachoipasha moto. Ya pili yalisema kwamba nyota hizi zinafanya kile ambacho Jua hufanya, ila kwa kiasi kikubwa mno: gesi inayotokota ndani ya nyota inayojizungusha huzalisha sumaku, nyuzi za sumaku huchomoza juu ya uso kama vitanzi, husokotwa, hukatika na kuungana upya, na nguvu inayoachiliwa huichemsha gesi iliyonaswa ndani yake. Ya tatu yalichukua njia ya kati kwa kusema kwamba vitanzi vya sumaku vina mguu mmoja kwenye nyota na mwingine kwenye sahani, na kwa kuwa nyota na sahani hazizunguki kwa mwendo mmoja, vitanzi hupotoka kama kamba inayosokotwa, mpaka vikatike.

Ushahidi wa kuyatenganisha ulihitaji vitu vitatu kwa mpigo: mahali ilipotoka kila fotoni (chembe moja ya mwanga au eksirei), saa ilipofika, na nguvu iliyokuja nayo. Kamera ya Chandra iliyotumika husajili yote matatu, kwa kusoma vigae vyake vya silikoni kila baada ya sekunde 3.2. Kwa hiyo tunda la kazi ya 2003 si picha tu. Ni daftari la mahudhurio ambamo kila nyota ina mstari wake kwa siku kumi na tatu, na msomaji anaweza kuona ni lini ilitulia, ni lini iliwaka, na gesi yake ilikuwa na joto kiasi gani wakati huo.

Vyanzo 1,616 vilitambuliwa ndani ya eneo lenye upana wa karibu nusu ya Mwezi mpevu. Hatua iliyofuata, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoupa mradi uzito wake, ilikuwa kuuliza kila chanzo ni cha nani. Takriban 1,400 ni nyota za kishada chenyewe na za wingu lililo nyuma yake. Nyota chache, kumi na kitu, ziko mbele ya kishada na hazihusiani nacho. Zaidi ya 150 zilionekana kuwa galaksi za mbali mno, ambazo eksirei zake, zitokazo kwenye gesi inayozunguka mashimo meusi makubwa, zimelipenya wingu zima na kutufikia kutoka upande wa pili. Kuwatenganisha wageni hawa na wenyeji kulitegemea muda: galaksi hubadilika polepole, ilhali nyota changa hulipuka ghafla na kupoa ndani ya saa chache. Baadhi ya vyanzo havikuwa vimeonekana kamwe kwa mwanga wa kawaida wala kwa infraredi, lakini vililipuka mbele ya kamera, na kwa mlipuko huo vikajulikana kuwa nyota zilizofunikwa na vumbi zito, ambazo mwanga wake wa kawaida hauwezi kutufikia. Bila subira ya siku kumi na tatu zisingetambuliwa.

Hakuna nyota iliyonyamaza

Tokeo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote halihusu nyota fulani iliyoonekana, bali ni kwamba karibu hakuna iliyokosekana. Thomas Preibisch na wenzake walichukua orodha ya nyota za kishada ambazo tayari zilijulikana kwa darubini za mwanga wa kawaida, za aina F hadi M, yaani kuanzia chache zilizo moto kulizidi Jua hadi zile ndogo nyekundu zilizo baridi kuliko Jua, wakatafuta kila moja katika takwimu za eksirei. Zaidi ya asilimia 97 zilipatikana. Katika uchunguzi mfupi, nyota isiyoonekana inaweza kuwa kimya kweli au ikawa tu hafifu kuliko uwezo wa chombo, na mtafiti hana njia ya kujua. Mabishano mengi ya awali yalitokana na nyota hizo za mashaka. Hapa chombo kilishuka karibu na kiwango cha Jua letu wakati wa shughuli zake nyingi, na mashaka yakaisha: hakuna jamii ya nyota changa za aina hiyo ambazo sumaku yao imelala. Kila mtoto wa nyumba hii hulia.

Jambo la pili ni joto. Gesi inayoanguka kwenye nyota ndogo kwa kilomita 300 au 400 kwa sekunde inaweza kupashwa hadi nyuzi milioni moja au chache zaidi, wala fizikia ya mwendo wake haikubali zaidi ya hapo. Nyota za Orion zilionyesha utegili, yaani gesi ambayo elektroni zake zimebanduka kutoka kwenye atomu, wenye joto la nyuzi milioni 10 pamoja na sehemu ya moto zaidi ya milioni 30 hivi, na wakati wa milipuko joto lilipanda kupita milioni 100. Kishindo cha gesi inayoporomoka hakiwezi kufika huko. Kwa hiyo maelezo ya kwanza hayatoshi kuwa chanzo kikuu.

Sisemi kwamba gesi inayoporomoka haitoi eksirei kabisa, na hapa ni lazima kutenda haki. Nyota ya TW Hydrae, iliyo karibu nasi zaidi, ilichunguzwa na Chandra hiyohiyo na ikaonyesha gesi nzito yenye joto la nyuzi milioni tatu tu, ishara inayoelekea kwenye kishindo. Katika Orion, eksirei laini za namna hiyo, yaani zenye nguvu ndogo, humezwa na gesi iliyo njiani kabla hazijatufikia, na kamera iliyotumika ni dhaifu upande huo. Kisa hiki kwa hiyo kimethibitisha kwamba sumaku ndiyo inayotawala eksirei ngumu, na hakikuwa na macho ya kutosha kwa zile laini.

Kisha likaja jambo lililowashangaza wengi. Nyota ambazo bado zinameza gesi kutoka kwenye sahani zao hazikung'aa zaidi ya zile zilizoacha. Ziling'aa pungufu, kwa mara mbili hadi tatu. Nyota zilizoacha kumeza hutoa katika eksirei karibu sehemu moja kati ya elfu nne za nguvu zao zote, wakati Jua hutoa karibu sehemu moja kati ya milioni. Kwa nini zinazolishwa zififie? Wapo wanaosema gesi inayoanguka huvijaza baadhi ya vitanzi vya sumaku kwa mzigo mzito na wa baridi mno kuweza kutoa eksirei. Wapo wanaosema gesi hiyo huzificha eksirei njiani. Baadaye wengine waliligeuza swali juu chini: huenda eksirei ndizo zinazopunguza ulaji, kwa kuwa huipasha moto sehemu ya juu ya sahani hadi ikapeperuka kama upepo, hivyo nyota yenye eksirei nyingi hujinyima chakula yenyewe. Hoja hii ya mwisho naiona kuwa na nguvu, kwa sababu inaeleza uhusiano bila kuidai sumaku ya nyota ibadilishwe na kinachotokea nje yake. Lakini takwimu za kishada kimoja, tena zilizokusanywa katika majuma mawili, haziwezi peke yake kuonyesha lipi lilitangulia.

Hitimisho hizi hazikuyumbishwa na jambo moja lililobadilika baadaye, nalo ni umbali. Mwaka 2005 hesabu zilifanywa kwa kudhani kwamba kishada kiko mbali kwa miaka ya nuru karibu 1,470. Vipimo vya redio vilivyofuata, kisha vya setilaiti ya Gaia, vimekisogeza hadi takriban 1,300, na kwa hiyo nguvu halisi ya kila nyota imepungua kwa karibu moja ya tano. Lakini uwiano wa eksirei kwa mwanga wote wa nyota haubadiliki, kwa kuwa pande zote mbili za uwiano hupunguzwa sawasawa. Watafiti waliojenga hoja zao juu ya uwiano hawakulazimika kuzibomoa.

Linganisho moja zaidi linastahili nafasi. Kilimia, kishada ambacho wakulima na mabaharia wetu wamekitumia tangu zamani kuhesabia misimu, kina umri wa zaidi ya miaka milioni mia moja. Huko, nyota zenye uzito wa Jua zinazojizungusha kwa kasi hutoa eksirei nyingi, na zinazozunguka polepole hutoa chache, kama inavyotarajiwa kwa sumaku inayotokana na mzunguko. Katika Orion uhusiano huo haupo: yenye kasi na isiyo na kasi hung'aa bila mpangilio unaoonekana. Huenda ni kwa sababu nyota hizi zinatokota mpaka kwenye kiini, hazina ule mpaka wa ndani ambao katika Jua hudhaniwa kuwa kiwanda cha sumaku, na karibu zote zimefika kileleni mwa uwezo wao.

Nyota kubwa katikati ya kishada ni suala la peke yake na nitalipita kwa ufupi. Theta 1 Orionis C, inayoongoza kung'aa kishadani, ilikuwa na eksirei nyingi hata fotoni zikarundikana kwenye kamera na kuharibu kitovu cha picha yake, ikabidi wachambuzi wasome pambizo tu. Nyota ya aina yake hupuliza upepo mkali, na kwa kawaida mishtuko ndani ya upepo huo hutoa eksirei laini. Hii ni ya moto kupita kiasi, kwa sababu ina sumaku yenye nguvu ya takriban gausi 1,100 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), iliyopimwa mwaka 2002, inayouelekeza upepo wa pande mbili ukagongane juu ya ikweta yake. Ndiyo maana eksirei zake hupanda na kushuka kila baada ya siku 15.4, sawa na mzunguko wa nyota yenyewe.

Vitanzi virefu

Maelezo ya tatu, yale ya sumaku inayounganisha nyota na sahani, yalipata nafasi yake katika milipuko mikubwa. Mlipuko unaofifia polepole huashiria kitanzi kirefu, kwa kuwa gesi nyingi iliyotandaa huchukua muda kupoa. Fabio Favata na wenzake walichambua milipuko 32 mikubwa na wakakuta kwamba baadhi ya vitanzi vilikuwa na urefu wa mara kadhaa ya nusukipenyo cha nyota, ukubwa usioonekana kamwe kwenye Jua. Walitoa hoja kwamba kitanzi kirefu hivyo juu ya nyota inayojizungusha kwa kasi kingeraruliwa na mzunguko wake, isipokuwa kama mguu wake wa pili umeshikwa na kitu, na kitu hicho ni sahani.

Nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza ilinivutia sana, kwa sababu ni safi na inaunganisha mambo yaliyokuwa yametawanyika. Lakini mwaka 2008 Konstantin Getman na wenzake walipanua uchunguzi hadi milipuko zaidi ya 200 ya takwimu zilezile, wakazigawa nyota kwa kuangalia zipi zina sahani na zipi hazina. Vitanzi virefu vilipatikana pande zote mbili. Nyota isiyo na sahani haiwezi kuwa imefunga kitanzi chake kwenye sahani, kwa hiyo urefu peke yake si ushahidi wa kiungo hicho. Hukumu yangu ni kwamba vitanzi vikubwa vipo bila shaka, ila dai la kwamba sahani ndiyo inayovisababisha limepoteza nguzo yake kuu, hata kama kwa nyota moja moja linaweza kuwa kweli.

Sahani zenyewe hata hivyo zinaguswa na eksirei, na ushahidi wake ni wa moja kwa moja. Chuma kilicho ndani ya utegili wa moto hutoa mstari, yaani eksirei za kiwango kimoja maalumu cha nguvu, wa kiloelektronivolti 6.7. Chuma baridi kikipigwa na eksirei kutoka nje hujibu kwa mstari wa 6.4. Katika nyota saba za Orion, Masahiro Tsujimoto na wenzake waliuona mstari wa 6.4 ukiwa kando ya ule wa 6.7. Chuma hicho baridi hakiko kwenye nyota. Kimo kwenye vumbi na gesi inayoizunguka. Maana yake ni kwamba eksirei za nyota zinaifikia sahani, zinazipokonya atomu zake elektroni, na kwa njia hiyo zinaipa gesi uwezo wa kushikwa na sumaku, jambo linaloamua ni sehemu gani za sahani zitachafuka kwa misukosuko na zipi zitatulia kiasi cha kuruhusu changarawe kukusanyana kuwa sayari.

Ndugu wadogo wa Jua

Scott Wolk na wenzake walizitenga nyota 28 zenye uzito unaokaribiana sana na wa Jua, wakahesabu milipuko yao. Walipata 41. Kwa wastani kila moja hulipuka karibu mara moja kwa juma, na mlipuko wa kawaida hung'aa kwa eksirei mara nyingi kuliko milipuko mikubwa kabisa iliyowahi kupimwa kwenye Jua la leo. Kwa karibu robo tatu ya muda nyota hizi hukaa katika kiwango chao cha kawaida, ambacho chenyewe ni kikubwa mno; muda uliobaki zimepanda juu yake. Kwenye Jua, milipuko ya namna hii huambatana na protoni zinazorushwa kwa kasi, na kwa kukadiria kutokana na ukubwa na wingi wa milipuko ya Orion, Jua changa lilizirusha protoni hizo kwa wingi wa mara laki moja hivi kuliko leo.

Kadirio hilo linaweza kuhojiwa, kwa kuwa hakuna aliyeziona protoni za Orion. Tumeziona eksirei tu, kisha tukadhani kwamba uwiano uliopo kwenye Jua la leo unafaa kwa nyota yenye umri wa miaka milioni moja. Lakini upo ushahidi wa upande mwingine kabisa. Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kikubwa kilianguka Allende, kaskazini mwa Meksiko, kikiwa na chembe nyeupe zenye kalisi na alumini nyingi, ambazo ni mango kongwe kuliko yote ya mfumo wa Jua. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba ndani ya chembe hizo kuna alama ya beriliamu-10, isotopu (aina mojawapo ya atomu za elementi ileile, yenye uzito wake) ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka karibu milioni 1.4, na ambayo matumbo ya nyota hayawezi kuitengeneza. Huzaliwa pale tu chembe zenye kasi kubwa zinapoipiga atomu nzito kidogo, kama ya oksijeni, na kuivunja. Kitu fulani kilikuwa kikiyapiga mango ya kwanza ya nyumba yetu, au gesi na vumbi vilivyoyatunga, wakati yalipokuwa yakiganda, na Jua lenye tabia ya ndugu zake wadogo 28 wa Orion linatosha kuwa mshitakiwa wa kwanza.

Si isotopu zote za kale zinaweza kubebeshwa hukumu hiyo. Chuma-60, ambacho nacho kiliacha alama katika vimondo, hakitengenezwi kwa kupigwa na protoni. Kinahitaji tanuri la nyota kubwa, kwa hiyo kilikuja kutoka nje ya familia. Alumini-26 bado inagombaniwa, na wengi huielekeza kwa nyota kubwa pia. Beriliamu-10 ndiyo inayobaki karibu zaidi na kile ambacho Chandra ilikiona katika siku zile kumi na tatu: chembe ndogo, iliyookotwa katika jangwa la Chihuahua, ikiwa imehifadhi ndani yake kovu la kipigo cha miaka milioni 4,567 iliyopita.